Risala ya Kikundi cha Watunza Pango na Kisima kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Kibao cha Miiko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu wavyale, walinzi wa mila na miiko ya mji,
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi wa skuli yetu,
Wenyewe wa hapa, mliotutangulia na mnaotusikia,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uhai na uzima tukakutana mchana huu kwenye kivuli cha mkuyu. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na kufika kwa wakati. Tunalisema hili la wakati kwa uzito wake, maana wapo walioalikwa kabla yako tukawasubiri mpaka alasiri, na wapo tuliowasubiri mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya mji wetu huu mdogo wa Kusini Unguja ni ndefu, nasi hatutakuchosha nayo. Majirani zetu wa Kizimkazi wana msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladia, na wazee wetu wanasema pango letu lilikuwa likinywewa maji zamani hizo. Inatosha kusema kwamba watu walikuja hapa kwa sababu ya maji, na walipofika waliwakuta wenyewe wapo. Wakapiga hodi, wakakaribishwa kwa masharti, na masharti hayo ndiyo miiko 14 utakayoizindua leo.

Kwa faida ya wageni tulionao, tueleze kidogo. Mji huu ni wa Waislamu, msikiti wa Ijumaa uko hatua 200 kutoka mdomo wa pango, na hakuna hapa anayeabudiwa isipokuwa Mungu. Wenyewe ni viumbe wasioonekana, walioumbwa kama sisi, nasi tunaishi nao kwa adabu kama mtu anavyoishi na jirani aliyemtangulia kujenga. Anayechimba msingi wa nyumba huenda kwanza kwa wavyale na ubani wake. Katika harusi huachwa kiti kimoja, na hakuna anayeuliza ni cha nani. Mwaka 1995, Unguja ilipolala nje kwa hofu ya popobawa, shetani aliyesemwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao, huyo alikuwa ni mgeni mwenye nia mbaya. Wetu hawaingii nyumba za watu. Mtunza hazina wa kikundi ana mstari wake katika daftari, ameuandika "Wenyewe", na kila mwezi anaujaza: ubani na udi, shilingi 12,000, halua kisahani kimoja, shilingi 3,000. Daftari hilo limekaguliwa na hakuna aliyeukata mstari huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina wanachama 27, wanawake 19 na wanaume 8. Katika kipindi kifupi tumepata mafanikio makubwa sana. Tumefyeka njia ya kwenda pangoni yenye urefu wa mita 60, ambayo sasa inapitika hata na mgeni mwenye viatu vya kisigino, ingawa atavivua mlangoni. Tumejenga benchi mbili za mawe. Tumewapa mafunzo vijana 6 wa kuongoza wageni, na mmoja wao anazungumza Kitaliana. Tumefungua daftari la wageni na limeshafika ukurasa wa tisa. Na leo tuna kibao hiki, cha kwanza cha aina yake katika eneo letu lote, kilichochorwa na mwalimu wetu wa sanaa bila malipo. Tunaamini kabisa kwamba hatua hizi zimeuweka mji wetu mahali pa juu.

Pamoja na mafanikio hayo, tunayo changamoto. Tungeweza kuleta nyingi, lakini tumejifunza kuwa mwenye kuomba kumi hupewa makofi. Tunaleta moja: maji ya kisima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba uvumilie maelezo, kwa sababu msaada uliowahi kuletwa hapa uliharibika kwa kukosa maelezo haya. Ardhi yetu ni jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha haikai juu, inazama kama maji kwenye sifongo, na ndiyo maana huku kwetu huoni mto. Maji hayo matamu yakifika chini yanayakuta maji ya bahari yaliyopenya ndani ya jiwe, na kwa kuwa ni mepesi zaidi yanaelea juu yake. Wataalamu wa maji wana hesabu yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake zipo mita kama 40 za maji matamu zinazoizuia chumvi. Hesabu hiyo ina upande wa pili. Ukiyashusha maji ya juu kwa kipimo cha kiganja tu na ukaendelea kuyashusha, chumvi iliyo chini inapanda mara nyingi zaidi ya kiganja, na inapanda pale pale unapovuta, kama kichuguu.

Kisima chetu kiko ndani ya pango, ngazi 22 kwenda chini. Upana wake ni mita moja na nusu, na asubuhi kikiwa kimeshiba kina maji ya mita moja na sentimita 30, yaani kama lita 2,300. Tangu tulipoukuta mji, mwiko wa kwanza ni kwamba maji hayatekwi baada ya adhana ya magharibi mpaka alfajiri, kwa kuwa usiku ni zamu ya wenyewe. Mwiko wa pili, hakiteremshwi chombo chenye masizi. Wa tatu, sabuni haivuki ngazi ya kwanza. Wa nne, hakuna kuteka kwa pupa: ndoo ikitoka, kamba ya makumbi inakunjwa, ndipo inashuka nyengine. Tunaiheshimu miiko hii kwa sababu ya walioiweka. Na tukiitazama pamoja na hesabu ya wataalamu, tunaona wenyewe walikijua kisima hiki kabla yetu: usiku kinapumzika na kujijaza, na mchana kinavutwa polepole.

Mwaka juzi, Mheshimiwa, mgeni rasmi wa siku ile alisimama hapa hapa uliposimamishiwa meza. Alitamka mbele ya hadhara, na mbele ya pango, kwamba kabla ya masika mji huu utakuwa na maji ya bomba yanayotoka kwenye kisima hiki. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Masika mbili zimepita. Tumeandika barua tatu. Ya kwanza ilijibiwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Ya pili ilijibiwa kwa maneno yale yale. Ya tatu tunaisubiri.

Mwaka jana alikuja mwengine, naye tunamshukuru kwa moyo wake, akatuletea mashine ya petroli ya inchi mbili. Mashine ile inavuta lita 500 kwa dakika. Mheshimiwa ni mtu wa hesabu: kisima cha lita 2,300 kinakauka kabla ya dakika tano kutimia. Fundi aliyeifunga aliishusha valvu ya chini mpaka kwenye sakafu ya kisima, akiwa na haraka ya kurudi mjini, na wavyale hawakuulizwa. Siku ya kwanza watu walishangilia. Siku ya tatu maji yalikuwa na chumvi, na mahindi ya bustani ya skuli yalianza kuungua kwenye ncha za majani. Tuliizima. Kisima kilichukua siku 40 na mvua moja nzuri kurudi katika ladha yake, na siku zote hizo akina mama walikuwa wakitembea kwenda kisima cha jirani na ndoo kichwani.

Tangu hapo tumeweka utaratibu. Kila alfajiri bibi mmoja miongoni mwa wanachama huteremka peke yake, huchota kwa kata ya kifuu, husukutua kwanza, halafu huchota tena na kuonja ncha ya ulimi na nyuma ya ulimi. Maji yakimuuma nyuma ya ulimi, kitambaa chekundu hutundikwa mlangoni na siku hiyo hakuna kuteka. Mwaka huu kitambaa kimetundikwa mara 11. Skuli imetupa kipima chumvi cha mkononi, tukakilinganisha na ulimi wa bibi kwa mwezi mzima, na havijapingana hata siku moja.

Kuna jambo jengine ambalo lazima lisemwe. Kwa desturi ya hapa, ahadi inayotolewa mbele ya pango ni nadhiri. Nadhiri isiyotimizwa haifutiki kwa kusahauliwa, inabaki wazi kama mlango, na upepo wake unawapiga walioisikia. Wavyale walituambia mlango ule ufungwe. Kikundi kikanunua kuku mweupe, ubani, udi na marashi, gharama shilingi 38,500, tukamtolea kafara mheshimiwa yule aliyeahidi, bila yeye kujua. Hatukumwombea mabaya. Tulimwombea afya na kumbukumbu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa ombi letu lenyewe.

Hatuombi mashine kubwa. Tunaomba pampu ndogo ya umeme wa jua, ya kutumbukiza, isiyozidi lita 800 kwa saa. Ikifanya kazi saa tano kwa siku inatoa lita 4,000, nazo zinatosha kaya 40 kwa ndoo tano tano za lita 20. Tunaomba paneli mbili za wati 150 kila moja. Na tunaomba kwa msisitizo kwamba betri isiwekwe. Fundi mmoja alitushauri betri ili pampu ifanye kazi na usiku, tukamkatalia pale pale. Pampu isiyo na betri inanyamaza jua linapozama. Magharibi ikiingia, zamu ya wenyewe inaanza bila ya mtu kwenda kuzima kitu, na mwiko wa kwanza unalindwa na jua lenyewe. Wavyale waliposikia hivyo walikubali papo hapo, na si kawaida yao kukubali kitu siku moja.

Pampu isikae chini. Itundikwe kwa kamba ya nailoni sentimita 40 chini ya uso wa maji, na juu yake swichi ya kuelea itakayoikata maji yakishuka, kabla uso wake haujaifikia pampu. Bolti, vibano na fremu viwe vya chuma cha pua, kwa kuwa huku upepo wa bahari unakula chuma cha kawaida na bolti inakatika na spana mkononi. Paneli zifutwe ukungu wa chumvi kwa maji matamu kila Ijumaa. Kazi hiyo skuli imeshaipokea. Bomba la milimita 32 lipande mita 140 mpaka kwenye tangi la lita 5,000, juu ya mnara wa mita tatu, hapa kiwanjani. Na paneli nazo zikae juu ya mnara huo, zifungwe kwa bolti zisizofunguka kwa spana ya kawaida, kwa sababu wavyale wametueleza wazi kwamba ulinzi wa wenyewe unaishia mlangoni mwa pango.

Gharama tumezipata kwa kuzunguka maduka matatu. Pampu shilingi 950,000. Paneli mbili 420,000. Fremu na bolti 310,000. Tangi 1,250,000. Mabomba na viungio 580,000. Mifuko 30 ya saruji, nondo, mchanga na kokoto 1,050,000. Swichi, waya, koki na mita 300,000. Jumla ni shilingi 4,860,000. Kikundi kina shilingi 1,340,000 benki, zilizotokana na kamba za makumbi, mwani na viingilio vya wageni. Kilichopungua ni shilingi 3,520,000. Mawe na nguvu kazi ni juu yetu, na shimo la msingi wa mnara limeshachimbwa. Utalipita upande wako wa kushoto ukiteremka. Tafadhali angalia usitumbukie, maana liko wazi tangu Februari.

Mheshimiwa, wenzetu wa Makunduchi kila Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya wa jadi, huondosha nongwa zao kwa kupigana magomba, kisha wakala pamoja. Sisi nongwa yetu tumeileta kwenye karatasi, na pilau iko jikoni. Tunakuomba usituahidi kwa mdomo. Ukiona ombi letu zito, tuambie leo kuwa haliwezekani, nasi tutakushukuru kwa dhati na tutajua pa kwenda. Ukiona linawezekana, kwenye meza yako pana karatasi yenye kiasi, tarehe na nafasi ya saini yako na ya Sheha. Kalamu ni ile nyeusi. Ya buluu imekwisha wino.

Kabla ya kusema neno lako, tunakuomba uteremke nasi pangoni. Vua viatu kwenye ngazi ya kwanza, piga hodi mara tatu, usubiri kidogo, halafu utangulize mguu wa kulia. Bibi atakuchotea kwa kata. Leo alfajiri ameonja, na kitambaa hakikutundikwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kikundi