Maombi ya Jumamosi: thibitisheni

Bwana asifiwe, wapendwa!

Maombi na kufunga yamehamia Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 9, kanisani kwetu Kadutu. Tumalize mapema, wa mbali wafike nyumbani kungali mchana.

Tutasoma Marko 12:41-44, yule mjane aliyetoa senti mbili, riziki yake yote. Juzi mama mmoja muuza sambaza alinipa noti ya franka 500, ingali inanuka samaki: "Ya Mungu ndiyo ya kwanza." Noti ile imenikalia moyoni.

1. Uji wa kufungulia: franka 2000, mwisho Alhamisi jioni. Asiye nazo aje tu, jamani, Mungu anamtaka yeye mwenyewe.
2. Vijana, pangeni viti saa 1.

Andika "Nipo" au "Sitaweza" kabla ya Alhamisi.