Ufadhili wa uzamivu usiishie kwenye ada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wanaosomea shahada ya uzamivu katika mikrobiolojia na magonjwa ya kuambukiza.

Homa ya virusi vya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, kisha ikarudi Biharamulo Januari 2025, sote tulitaka majibu ya maabara upesi. Wa kuyatoa hawaokotwi njiani. Mahali pa kuwafundishia tunapo: Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) hapa Morogoro, chuo cha afya cha Muhimbili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kinachowakwamisha wengi ni vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia vipimo maabara. Mwanafunzi analipiwa ada vizuri tu, halafu kazi yenyewe, tuseme kuchunguza vinasaba vya bakteria sugu kwa dawa, inadai vitu vya kuagizwa ng'ambo, vingine vikisafirishwa ndani ya barafu. Mzigo ukikwama uwanja wa ndege kungoja vibali, barafu inayeyuka na vitu havifai tena. Hapo hasara ni ya nani?

Wafadhili wa nje wanasaidia, ila mada nao huchagua wao (siwalaumu, fedha ni zao). Serikali itenge fungu la utafiti wenyewe, na mizigo ya maabara ipewe vibali kabla haijatua.

Mzazi wa mtafiti,
Morogoro