Shukrani kwa dada wa duka la dawa, Tanga

Dada, jina lako sikuuliza, na nilipopita tena nikaambiwa umehamia duka jingine. Basi nakushukuru hapa hapa.

Mimi ni yule niliyekuja na bibi yangu na kikapu cha dawa. Nilitaka vidonge vya presha tu, niondoke. Wewe ukasema, "Shikamoo bibi, hebu tuzimwage zote hapa mezani." Ukakuta maboksi mawili yenye majina tofauti, ndani dawa ileile ya presha: amlodipine. Bibi alikuwa anameza zote, na miguu ilikuwa imevimba. Sisi nyumbani tulisema ni uzee! Hukutuuzia kitu siku ile. Ulituandikia kikaratasi turudi kwa daktari.

Tuliporudi kwako na dawa alizobakiza daktari, ukatoa vibahasha na kalamu. Jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku, na kwenye metformin, dawa yake ya kisukari, ukaongeza sahani ya wali, asije akameza na njaa. Bibi hasomi. "Kimoja kutwa mara mbili" yeye alikielewa kivyake: anameza viwili kwa mpigo, amalize kazi.

Mjomba alishawahi kumletea kile kikasha cha plastiki chenye vyumba saba, cha kupangia dawa za wiki. Bibi anawekea vifungo na sindano.

Vibahasha vyako vimechakaa, nimevichora upya, ingawa mwezi wangu unafanana na ndizi. Uvimbe umeisha. Bibi anakuita "binti wa jua na mwezi", na kuna nazi zako mbili hapa, hataki ziguswe.