Risala ya Kikundi cha Wanawake Wafugaji wa Kuku, Singida, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,

Wanakikundi tuna furaha isiyo na kifani kukuona meza kuu leo. Majukumu yako ni mengi, na barabara ya kufika huku umeiona mwenyewe. Karibu sana.

Kikundi kilianza mwaka 2017 tukiwa wanachama 11 na kuku 40 wa kienyeji. Leo tupo 26, kuku 500, na ukitaja kuku wa Singida katika kata hii umetutaja sisi. Mkopo wa halmashauri tumerejesha wote. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa mdondo wa kuku, hatukosi kila miezi mitatu, tone moja jichoni.

Pamoja na mafanikio hayo makubwa, tuna changamoto moja, nayo ni utitiri.

Mdudu huyu ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Mchana hujificha kwenye nyufa za ukuta na chini ya vichanja. Usiku hutoka kunyonya damu. Kuku anapauka upanga wa kichwani, anapunguza kutaga, anayeatamia anayakimbia mayai. Sisi tunaookota mayai tunajikuna mikono hadi kunakucha. Kibaya zaidi, akihama kuku hadi kuku anaweza kubeba ndui na homa ya matumbo ya kuku. Machi mwaka huu ndui ilituulia vifaranga 130, na chanjo ya kideri haizuii ndui.

Hatukukaa tu. Tumemwaga majivu, tumepaka vichanja mafuta ya taa, tumenunua dawa. Mwaka jana tuliliacha banda tupu wiki sita. Lakini utitiri hukaa miezi bila kula. Kuku waliporudi, utitiri nao wakatoka nyufani. Dawa haifiki ndani ya ufa wa udongo. Kwetu sisi, ukuta wenyewe ndio ugonjwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, maneno haya tuliyasoma mwaka 2022. Tukaahidiwa saruji, tukapiga vigelegele. Tukayasoma tena 2023, tukaambiwa iko njiani. Kwa imani hiyo tulifyatua matofali 3,000 kwa mikono yetu. Yapo pale nyuma ya turubai. Mvua zimeyapiga, yaliyobaki mazima hayafiki 1,900. Hatumlaumu mtu, tunajua viongozi mna mengi. Ila matofali hayawezi kusubiri masika nyingine.

Tunaomba mifuko 60 ya saruji na mabati 45. Fundi tutamlipa wenyewe, mchanga tumeshasomba. Tunaomba pia afisa mifugo wetu, anayehudumia kata tatu kwa miguu, apatiwe pikipiki. Lakini kama ni lazima kuchagua, basi saruji kwanza, na kwa heshima zote tunaomba leo utupe tarehe, katibu aiandike.

Kabla ya chakula, tunakusihi uongozane na mwenyekiti hadi bandani. Kitambaa cheupe tumekiandaa. Kipitishe chini ya kichanja, kitatoka na madoa ya damu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi