Barua kwa Mwajuma: hivyo vikopo viwili vya usiku

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, Mzee Kondo ametoka hospitali na sasa anakwenda msikitini kwa miguu yake. Mvua imenyesha mpaka barabara ya kwetu haipitiki, na lile suala la Bakari na shemeji yake limefika kwa mjumbe, lakini hayo tuyaache kwanza. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Zuhura arudi kutoka Dodoma.

Ameniambia umeacha kula usiku. Ugali hutaki, wali hutaki, hata mlenda unaupika unawaachia watoto, wewe unakula vikopo viwili vya yogati ya stroberi na kulala. Na kwamba juzi kizunguzungu kilikushika pale dukani mpaka mteja akakukalisha kwenye kiti. Mwajuma, kwa nini habari hii naipata kwa Zuhura?

Sababu ninaijua. Nesi wa kliniki alikwambia upunguze uzito kwa ajili ya presha, na hapo alisema kweli. Halafu sendofu ya Neema inakaribia na gauni limeshashonwa. Sikulaumu hata kidogo kwa kutaka kupungua. Ninachokataa ni hiyo njia uliyopewa, kwamba yogati inayeyusha mafuta ya mwili na kukutoa kilo tano kwa wiki, na huyo aliyekupa, sijui ni nani, kama ni wa saluni au ni wa kwenye simu, simpendi kabla sijamjua.

Ile picha ya friji uliyonitumia nimeikuza mpaka lebo ikasomeka. Imeandikwa sukari gramu 13 kwa kila gramu 100. Kikopo chako kina gramu 250. Piga hesabu na mimi: kimoja kina gramu 32 na kitu, viwili vinafika 65. Katika hizo, kama gramu 20 au 25 hivi ni sukari ya maziwa yenyewe, hiyo ipo hata kwenye mtindi usiotiwa kitu, wala haina neno. Lakini zinabaki kama gramu 40 ambazo zimemiminwa kiwandani. Kijiko cha chai kinabeba gramu 4. Vijiko kumi, shoga yangu. Wewe, uliyeacha sukari kwenye chai tangu Ramadhani na tukakusifu wote, unakula vijiko kumi vya sukari kila usiku kwa jina la dayati. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote cha siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25 kutwa nzima. Unaivuka ukiwa kitandani.

Na hapo mbele kikopo kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mafuta yamepunguzwa. Ndiyo maneno yaliyokuvuta, najua. Mafuta yakitolewa, maziwa yanapoteza utamu na uzito wake mdomoni, kwa hiyo viwanda vingi vinarudishia kwa sukari na wanga. Geuza kikopo usome nyuma, pale kwenye viambato. Hamisi ndiye aliyenifundisha hili aliporudi likizo kutoka SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro: viambato huandikwa kwa kufuata wingi wake, kilicho kingi kinatangulia. Ukikuta maziwa, halafu sukari inafuata hapo hapo, kisha wanga, kisha rangi na ladha ya stroberi, ujue hilo ni jambo la kula siku ya sikukuu. Ukikuta maziwa na vimelea vya kugandishia, yaani wale bakteria wazuri, basi, imekwisha, hakuna kingine, hicho ndicho chukua.

Sitaki unielewe vibaya ukaenda kutupa kila kitu. Yogati yenyewe ni chakula kizuri, tena kwa mtu kama wewe ambaye maziwa ya chai humvuruga tumbo. Vile vimelea vimeshakula sehemu ya sukari ya maziwa, na vinasaidia kusaga iliyobaki. Kuna protini ya kukufanya ushibe, kuna kalsiamu ya mifupa. Ile tupu, isiyotiwa sukari, ya maziwa yenye mafuta yake, ina kalori kama 60 kwa gramu 100. Bakuli la gramu 250 ni kalori 150 tu. Hiyo tamu yako, hata kwa kupunguzwa mafuta, inafika mia mbili na ushee kwa kikopo, na saa nane za usiku unaamka una njaa. Si kweli? Zuhura anasema ulikuwa unafungua friji usiku.

Ila haiyeyushi mafuta ya mwili. Hapa ndipo walipokudanganya. Hamisi alinionyesha utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, watu zaidi ya 120,000 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Walioongeza yogati kwenye mlo wao wa kila siku waliongezeka uzito pungufu kuliko wenzao. Tofauti yenyewe kiasi gani? Kama gramu 370 kwa kila miaka minne. Si kilo tano kwa wiki, Mwajuma. Hata nusu kilo haifiki, kwa miaka minne! Na huenda watu hao walikuwa wanatembea zaidi au wanakula chipsi kidogo, hilo nalo lina mkono wake. Maana yake ni kwamba inafaa ikikaa mahali pa kitu kibaya zaidi: mahali pa soda ya saa kumi, mahali pa andazi la pili asubuhi, mahali pa aiskrimu. Wewe umeiweka mahali pa mboga, maharage na samaki. Umetoa vilivyokuwa vinakufaa ukaingiza sukari, halafu unashangaa mzani haushuki na kichwa kinazunguka.

Na hicho kizunguzungu kinanitisha kuliko gauni. Unameza dawa ya presha, na huli. Uliwaambia kliniki kwamba umeacha chakula cha jioni? Usiache dawa kwa kichwa chako na usiendelee kushinda njaa kwa kichwa chako. Nenda kesho, kabla hujafungua duka, uwaeleze yote mawili.

Sasa nikwambie ningekuwa Dodoma ningefanya nini jikoni kwako, maana huko mnakaa na ng'ombe mlangoni halafu mnanunua vikopo vilivyosafirishwa kwa gari kutoka mbali. Nunua lita mbili za maziwa kwa yule mama wa jirani. Yachemshe vizuri, na hata kama ni mgando wa kwenye kibuyu umeletewa zawadi, uliza kwanza kama maziwa yalichemshwa, maana brusela, ule ugonjwa wa mifugo unaopita kwenye maziwa mabichi, haina urafiki na mtu. Yakishachemka yaache yapoe mpaka kidole chako kivumilie ndani bila kuungua, yawe ya uvuguvugu wa kupendeza. Chukua vijiko viwili vya yogati tupu yenye vimelea hai, vikoroge kwanza pembeni kwa maziwa kidogo visiwe na mabonge, kisha mimina ndani. Funika, vingirisha sufuria kwenye blanketi, weka pembeni usiliguse wala usilitikise. Huku kwetu kwa joto hili ikifika asubuhi yameshaganda. Kwenu miezi ya baridi yatataka muda zaidi, na blanketi zito zaidi. Ukipakua kijiko na kile kijishimo kikabaki wazi, kikijaa taratibu maji ya rangi ya kijani hafifu, ujue imekubali.

Ukitaka ile nzito wanayoiita ya Kigiriki, inayouzwa bei ya kuku kwenye supamaketi, usinunue. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, chini weka bakuli, mimina yogati yako, funika na uweke kwenye friji usiku kucha. Asubuhi maji yamechuja, imebaki kama nusu, imeshikana, unaikata na kijiko. Ya kawaida ina protini gramu tatu na nusu hivi kwa gramu 100. Iliyochujwa inaweza kufika tisa au kumi. Ndiyo inayoshibisha. Protini hiyo unaihitaji unapopungua, la sivyo unapoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta, ukabaki umelegea. Yale maji usimwage, kandia unga wa chapati za watoto.

Kama huna nafasi ya kupika, basi dukani tafuta ile tupu, na uitazame imekaa wapi. Iliyokaa rafu ya kawaida bila friji kwa miezi, mara nyingi imepashwa moto baada ya kuganda na vimelea vyake vimekufa. Ina protini, haina uhai. Za chupa za kunywa, ziache, hizo ni soda nyeupe. Na zile zilizoandikwa hazina sukari lakini ni tamu, zina vikoleza vya maabara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kupunguza uzito. Mimi kwa upande wangu naona bora ulimi wako uzoee uchachu. Siku za mwanzo utakunja uso. Katia papai lililoiva vizuri, au nusu ya ndizi, na karanga chache za kukaanga bila mafuta. Zabibu mnazo huko tele, mbichi, si zile zilizokaushwa. Au fanya kama anavyofanya Mama Sauda: tango limekwanguliwa, chumvi kidole, kitunguu saumu kidogo, na majani ya giligilani juu. Ukila hiyo na samaki wa kuchoma utasahau stroberi.

Na ugali urudi. Mdogo, wa dona au wa uwele, wa kukaa kwenye kiganja, na bakuli la mlenda, na mtindi mtupu pembeni. Wazee wa Kigogo wamekula hivyo ugali wao na maziwa ya mgando kabla hatujajua neno dayati, tena wakitembea kutwa nyuma ya mifugo. Kutembea nako kumo humo humo. Funga duka nusu saa mapema utembee na Neema, mzungumze hayo ya harusi njiani. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa. Kilo moja ndiyo mwisho. Anayekuahidi zaidi ya hapo anakuuzia kitu.

Nimerudia rudia mambo yale yale, najua, lakini kila nikitaka kumaliza naona tena vile vikopo kwenye picha, na naona wewe umekaa kwenye kiti cha dukani umeshika kichwa. Mama yako alianzaje presha yake, si hivyo hivyo, kwa kusema si kitu? Sitaki... basi, unajua ninachotaka kusema.

Nijibu upesi. Huyo aliyekupa dayati ni nani hasa, na alikuuzia kitu kingine, vidonge au chai ya kupunguza tumbo? Unalala vizuri? Kizunguzungu kimetokea mara moja tu au kuna nyingine ambazo Zuhura hakuziona? Neema anajua kwamba huli, au unamficha usije ukamharibia furaha? Gauni lina upindo wa ndani kiasi gani, fundi hawezi kuachia sentimita mbili tatu kila upande? Friji bado inakata umeme ovyo au mlipata fundi? Maana kama inakata, usichuje yogati usiku, chuja mchana ukiwepo. Na je, nikuletee kitambaa cha kuchujia nikija, au mlicho nacho kinatosha? Hamisi atapita Dodoma mwisho wa mwezi akielekea Singida, naweza kumpa yeye.

Msalimie Neema, mwambie shangazi yake wa Dar ameshaanza kubana hela ya zawadi. Salamu kwa shemeji na kwa Mama Pendo.

Wako,
Asha

N.B. Ukipimwa presha kesho, niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Usiniandikie "iko sawa tu".