Unasoma Hisabati ya Sekondari Nyumbani? Kwanza Pata wa Kukusahihishia

Wengi wanaofika darasani kwetu hapa Mwanga, Kigoma, kuulizia Hisabati ya sekondari huanza na habari ya vitabu. Ninunue kipi? Cha Kidato cha Tatu kitanitosha? Mna pasti pepa zilizojibiwa? Ni maswali ya maana na tunayajibu. Kisha tunaomba kuliona daftari, na hapo tunakuta jambo lilelile: kurasa kwa kurasa za maswali yaliyofanywa kwa bidii, mwandiko safi, tarehe zimewekwa, na hakuna tiki hata moja. Mtu amesoma peke yake muda mrefu na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hapa umepata, hapa umepotea.

Msimamo wetu ni huu, na ndio tulioujengea huduma yetu yote: anayesoma Hisabati nyumbani anahitaji msahihishaji kuliko anavyohitaji mhadhara. Historia unaweza kuisoma mwenyewe kitandani ukaielewa. Hisabati utaisoma, utaona umeelewa, na kosa litabaki limejificha kwenye mstari wa tatu wa kazi yako mpaka siku ya mtihani.

Wanafunzi wetu si wa aina moja. Wapo waliomaliza Kidato cha Nne wakapata F ya Hisabati na sasa wanarudia kama watahiniwa wa kujitegemea. Yupo dada aliyekatiza masomo kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana wa namna yake kurudi katika shule za kawaida, lakini yeye ana mtoto na genge la nyanya, na kusomea nyumbani ndiko kunakomfaa. Wapo bodaboda wa Gungu, wapo wauza dagaa wa Kibirizi, na wapo vijana wanaoumwa mara kwa mara, hasa wenye selimundu, ambao wazazi wao wamechoka kuona wanakosa nusu ya muhula. Wengine wameandikishwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na wanakuja kwetu kwa somo hili moja tu. Mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi tunamwambia wazi: elimu ya msingi ni ya lazima kisheria, mtoto aende shule. Hatumpokei aliyetolewa shuleni ili aje kwetu.

Kabla hujatulipa hata shilingi, jua uko wapi kwenye ngazi ya mitihani. Kama hukuwahi kufanya na kufaulu upimaji wa Kidato cha Pili, huwezi kuruka moja kwa moja hadi mtihani wa Kidato cha Nne. Unatakiwa kwanza ufaulu Mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT. Kama ulishafanya Kidato cha Nne, unatafuta tu namba yako ya zamani ya mtihani na unajisajili upya kwenye kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, anayechelewa hulipa na faini, na karatasi zenyewe hufanywa kuelekea mwisho wa mwaka. Kila mwaka hutujia watu Juni wakidhani bado wana nafasi. Tunawapokea, ila kwa mtihani wa mwaka unaofuata.

Sasa karatasi yenyewe. Ina maswali 14 na unapewa saa 3. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10, na yote ni ya lazima. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Piga hesabu: maswali matano ya sehemu A yaliyofanywa kikamilifu yanakufikisha 30. Hatusemi hivyo ili mtu alenge D. Tunasema kwa sababu wanaosoma peke yao hukimbilia mada za Kidato cha Nne, matriki na programu mstari, wakati hesabu za sehemu na desimali, seti, uwiano, vipeo na logi, za Kidato cha Kwanza na cha Pili, ndizo zenye alama ambazo hawapaswi kuzikosa. Kitaifa somo hili limekuwa na ufaulu mdogo kwa miaka mingi. Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati ya Kidato cha Nne walikuwa karibu robo tu ya waliofanya. Hao wengi walikuwa shuleni, wana mwalimu mbele yao. Aliye nyumbani anahitaji mpango makini zaidi.

Na karatasi inakuagiza uonyeshe kazi yote. Alama zinatolewa kwa hatua, kwa hiyo jibu la mwisho lililokosewa linaweza bado kukupatia alama za njia, na jibu sahihi lililodondoka kutoka hewani linaweza kukukosesha. Majibu ya nyuma ya kitabu hayakufundishi hilo hata kidogo. Yanakuonyesha ulipotakiwa kufika, basi.

Nitoe mfano wa kosa lenyewe, maana ni rahisi kusema “hatua” bila mtu kuelewa tunazungumzia nini.

Kuna swali tunalolipenda kwa wanafunzi wa Kigoma. Mji wetu uko karibu na latitudo 5° kusini na longitudo 30° mashariki. Tanga nayo iko karibu na 5° kusini, ila longitudo yake ni kama 39° mashariki. Tafuta umbali kati ya miji hii miwili ukifuata duara la latitudo, chukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,400 na pai kuwa 3.14. Tofauti ya longitudo ni 9°, yaani sehemu moja ya arobaini ya duara zima. Mzingo wa ikweta ni 2 × 3.14 × 6,400, sawa na kilomita 40,192. Ukigawa kwa 40 unapata 1,004.8. Hapo wengi huweka kalamu chini.

Bado. Duara la latitudo 5° ni dogo kuliko la ikweta, lazima uzidishe kwa kosaini ya 5°, ambayo kwenye jedwali la hisabati ni 0.9962. Ndipo unapata kama kilomita 1,001.

Sasa mfikirie mtu aliye peke yake nyumbani Katubuka, usiku, ameshika majibu ya nyuma ya kitabu. Yeye ana 1,004.8, kitabu kina 1,001. Anajiambia, ah, nimekadiria tu vibaya, tofauti ni ndogo. Anajiwekea tiki na kwenda mbele. Kosa lake halikuwa la makadirio. Aliacha hatua nzima, na imefichika kwa sababu tu sisi tuko karibu na ikweta. Mtihani ukimletea miji miwili kwenye latitudo 60°, ambako kosaini ni 0.5, jibu lake litakuwa mara mbili ya jibu sahihi. Mwalimu akilipitia daftari hilo, anaona mara moja kwamba kosaini haipo na anaizungushia kalamu nyekundu. Kazi ya dakika moja, na inaokoa swali zima.

Mada hiyohiyo ina upande mwingine ambao watu wa huku wanauelewa upesi. Dunia huzunguka 15° kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila digrii moja. Digrii 9 ni dakika 36. Aliyewahi kufunga Ramadhani Ujiji anajua: redio ya Dar es Salaam inaadhini magharibi, watu wa pwani wameshafuturu, na huku jua bado linaonekana juu ya ziwa. Tunaanza hapo, kisha tunaingia kwenye kanuni. Vijana wanaoogopa mada ya dunia kama tufe huacha kuiogopa siku hiyo.

Tatizo la pili ni simu. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye karatasi hii. Kinachoruhusiwa ni majedwali ya hisabati ya Baraza. Lakini nyumbani simu iko mkononi, nani atajizuia? Kijana mmoja alituletea malalamiko ambayo tumeyasikia kwa wengine pia.

“Shikamoo mwalimu. Hili jedwali nadhani limechapwa vibaya.”

“Marahaba. Limekosea wapi?”

“Logi ya 0.0357. Simu inanipa hasi 1.4473. Jedwali linanipa baa mbili, nukta 5527.”

“Hiyo baa ni ya nani? Ya 2 peke yake au ya namba yote?”

Akanyamaza. Tukamwambia achukue 0.5527 atoe 2. Akaandika, akafuta, akaandika tena: hasi 1.4473. Namba ni ileile. Baa ni kile kimstari kilicho juu ya 2 tu, na ni hiyo 2 pekee iliyo hasi. Sehemu ya desimali inabaki kuwa chanya. Yeye alikuwa akiisoma kama hasi 2.5527, na kila swali la kuzidisha au kugawa kwa logi lilikuwa likimharibikia kuanzia hapo. Alidhani logi ndiyo inayomshinda. Kilichomshinda ni kimstari kimoja. Kwa hiyo kwetu, tangu wiki ya kwanza, simu zinawekwa kwenye boksi mlangoni na kila mtu anashika jedwali. Mikono ikizoea, kasi inakuja.

Huduma yetu inakwenda hivi. Siku ya kwanza hulipi. Unafanya jaribio fupi la mada za chini: kujumlisha sehemu, kufungua mabano yenye alama ya hasi mbele, asilimia, mlinganyo mmoja rahisi. Wapo wanaojisikia vibaya wakipewa kazi ya Kidato cha Kwanza na wao ni watu wazima wenye familia. Tunaomba wavumilie, kwa sababu makosa mengi tunayoyakuta kwenye maswali ya Kidato cha Nne yalianza huko. Mtu anajua kabisa njia ya mlinganyo wa kwadratiki, lakini akifungua −3(x − 4) anaandika −3x − 12, na swali limekwisha hapohapo. Kutokana na jaribio hilo tunakuandikia mpango wako: uanzie mada gani, uruke ipi, urudie ipi.

Baada ya hapo una madaftari mawili. Moja linabaki kwetu likisahihishwa wakati wewe unafanyia kazi jingine nyumbani, kisha tunabadilishana. Kila swali linarudi na hatua iliyokosewa imezungushiwa, na sentensi moja ya kueleza kwa nini. Hatuandiki jibu sahihi. Unarudia wewe mwenyewe, na swali hilo halifungwi mpaka lipate tiki. Vipindi vya darasani vipo pia, lakini vinatokana na makosa ya wiki hiyo. Tukiona wengi wameanguka kwenye mada ya uwezekano, hicho ndicho tunachofundisha Jumamosi. Maelezo ni kwa Kiswahili, kazi inaandikwa kwa Kiingereza, maana ndivyo mtihani ulivyo.

Jumatatu hadi Alhamisi tunafungua saa 10 jioni hadi saa 12, na Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 6. Wauza dagaa wana ratiba yao. Siku za mbalamwezi kubwa mitumbwi haiendi kuvua kwa taa, biashara inapungua, na wao wanapata nafasi. Basi siku hizo tunawawekea vipindi vya ziada asubuhi, na ziwa likichangamka tunawapunguzia. Hatuoni sababu ya kumfukuza mtu mwenye nia kwa kuwa kazi yake inafuata mwezi.

Walio mbali, Kasulu, Uvinza au vijiji vya ziwani kuelekea Kagunga, wanapiga picha kurasa na kututumia kwa WhatsApp. Piga mchana, karibu na dirisha, ukurasa mmoja kwa picha moja, na uandike kwa kalamu ya wino, si penseli, ili hatua zisomeke. Kwa asiye na bando, daftari linaweza kuletwa na boti ya Kibirizi au na mtu anayekuja mjini. Tumeshayapokea mengi yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni na hayajapatwa na tone la maji.

Ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa anayekuja darasani na 15,000 kwa anayetuma madaftari tu. Unaweza kulipa nusu mwanzoni mwa mwezi na nusu katikati. Ada ya mtihani hatuipokei: hiyo unailipa mwenyewe kwa kumbukumbu namba utakayopewa wakati wa kujisajili, na yeyote anayekuomba umpe mkononi “akusaidie”, mkatalie.

Hatumwahidi mtu C. Tunaangalia idadi ya madaftari utakayojaza kabla ya Novemba, na kwa anayeanza mapema na kuleta kazi kila wiki tunaweza kukwambia kwa uhakika, kufikia Agosti, ni maswali gani kati ya yale 14 unayaweza na yapi bado. Ukija siku ya kwanza, njoo na daftari lolote la Hisabati ulilonalo, hata la zamani, hata lenye makosa matupu. Tutaanza kulisahihisha ukiwa umekaa hapohapo.