Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Nairobi

KUH: MAFUNZO YASIYOFIKA WODINI

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni nesi wa wodi ya uzazi katika hospitali moja ya kaunti. Jina lake nalihifadhi.

Mwaka jana nilisoma kozi ya mtandaoni kuhusu mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Niliisomea ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo, nikitoka zamu ya usiku, kwa bando langu mwenyewe. Pointi nilipata, na bila pointi Baraza la Wauguzi halinihuishii leseni, kwa hiyo sinung'uniki kusoma.

Kozi ilieleza utafiti wa hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliochapishwa 2023. Mama anatandikiwa mfuko wa plastiki wenye mistari, damu inapimwa badala ya kukisiwa. Ikizidi, anapewa yote kwa mpigo: kukandwa mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (dawa ya kuzuia damu), dripu, kisha anakaguliwa alipochanika. Visa vya kuvuja damu vibaya, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60.

Nikarudi wodini na hamu yangu. Mfuko hakuna. Tunatazama pedi na shuka iliyolowa, tunasema "hii ni kama mililita mia tatu", na jicho mara nyingi hupunja.

Usiku mmoja tulikuwa wawili, wodi imejaa, mama mmoja akaanza kuvuja. Nikamwambia mwenzangu tufanye yote kwa pamoja. Akaniuliza, "Dada, kwa mikono ya nani?" Yeye alikuwa anakanda tumbo, mimi natafuta mshipa, na ufunguo wa kabati la dawa alikuwa nao msimamizi, jengo la pili. Mama alipona, alhamdulillahi. Ile hatua ya traneksamiki niliyoijibu vizuri kwenye mtihani ilichelewa.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Sikuombi semina ya hotelini (chai yake tamu, ila waendao ni walewale). Naomba mifuko, trei ya dawa ndani ya chumba cha kuzalishia, na nesi wa tatu usiku. Siku ya kusoma nayo iandikwe kwenye rota, isikatwe kwenye ofu yangu.

Hatua zile nimezibandika ukutani, juu ya sinki. Wanafunzi wa uuguzi wakizisoma huniuliza mfuko uko wapi. Njoo saa nane usiku, bila msafara, uwajibu.

Nesi wa zamu ya usiku,
Eastlands